Pikapu ya Mjomba Yataka Nguvu

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Sina hakika kama wahenga hao walipata kuuza nyanya. Muuza nyanya akifika soko la Kongowea jua limeshatoka, baraka zote huwa wenzake wameshazigawana na kurudi zao kulala. Ndugu msomaji, mwaka huu sikuandikii kisa cha sungura wala cha msichana aliyepotoshwa na marafiki wabaya. Nakuandikia habari za injini. Keti kitako nikusimulie jinsi tulivyopanga kuitia nguvu pikapu ya mjomba wangu, na jinsi hesabu za darasani zilivyoupindua mpango huo kichwa chini miguu juu.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, mwanafunzi wa kutwa, na kwetu ni hapa hapa Mtopanga. Mjomba ni kakake mama. Asili yao ni Wundanyi, Taita, lakini Mjomba amekaa Mtopanga miaka mingi hata Kitaita chake kimeingia chumvi ya pwani. Ana pikapu aina ya Toyota Hilux, ile ya umbo la zamani, keba moja, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Chini ya boneti kuna injini ya dizeli iitwayo 2L, silinda nne, sentimita za ujazo 2,446. Ilipokuwa mpya, injini ya aina hii ilitoa nguvu za farasi 80 hivi. Ni farasi wangapi waliobaki hai hivi leo, Mungu ndiye ajuaye.

Mara mbili kwa wiki pikapu hii hupanda Taita kuchukua kabeji, nyanya na pilipili hoho, ikazishusha Kongowea. Mama naye huchukua magunia yake mawili matatu akauza kwenye kibanda chetu karibu na steji. Pesa za chakula changu cha mchana hapa shuleni, za vitabu na za sare, zote hupanda na kushuka mlima pamoja na pikapu ile. Kwa hivyo nikisema kwamba habari za injini zanihusu, usidhani najipendekeza kwa mafundi.

Basi ikawa pikapu imeanza kuchoka. Ikipanda mlima yatoa moshi mweusi kama jiko la makaa lililomwagiwa mafuta. Mshale wa joto wapanda mpaka Mjomba aanza kuusemesha kama mtu. Na ubaya zaidi, inachelewa. Pale Kongowea wanunuzi wa jumla huja usiku wa manane, na ikifika alfajiri wenye vibanda wote wa Kisauni, Nyali na Bamburi wameshapata mizigo yao. Anayefika baadaye huuza kwa bei ya kuomba. Mara tatu katika mwezi mmoja Mjomba aliuza nyanya kwa bei ambayo haikurudisha hata dizeli.

"Hii gari yataka nguvu," akasema Mjomba siku moja tukila chajio. "Na mwaka huu ntaitia."

Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 120,000 katika chama chao. Mama alinyamaza. Alijua kwamba pesa hizo ndizo ngao ya nyumba zetu mbili, na kwamba zikishatoka hakuna nyingine nyuma yake.

Gereji yetu ni ya jua kali, chini ya mwembe. Nilipoanza kuandamana na Mjomba kule, mafundi walinishangaa. "Binti, hapa kuna oili, utachafua kanzu," wakanambia. Niliwaamkia shikamoo, nikakaa juu ya tairi bovu, nikatoa daftari. Siku ya tatu wakanizoea, wakawa hata wananituma kuwaletea spana. Hapo ndipo niliposikia njia tatu ambazo mtu anaweza kuifuata pikapu kama yetu akitaka izidi nguvu.

Njia ya kwanza ni tabo. "Mzee, hii tuipige tabo tu," alisema fundi mmoja kijana. "Ukiwasha, Changamwe hii hapa, Voi ile pale!" Akataja shilingi 85,000 pamoja na kazi. Njia ya pili ni kuitoa injini yote na kutia nyingine iliyotoka Japani. Hapa majina yalikuwa mengi kama ya timu za mpira: 3L ya sentimita za ujazo 2,779, 5L ya 2,986, na 1KZ-TE ya 2,982 ambayo imezaliwa na tabo yake na nguvu za farasi zaidi ya 120. Njia ya tatu ilitajwa na mzee mmoja wa pale gereji, kwa sauti ndogo, wala hakuna aliyemsikiliza. Alisema, "Hata hiyo mliyo nayo hamjaitumia yote."

Mjomba aliipenda ya kwanza. Na kusema haki, msomaji, tabo ni kitu cha ajabu. Wacha nieleze nilivyoelewa.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huigandamiza hewa mpaka ibaki kwenye nafasi ndogo, chini ya sehemu moja kwa ishirini ya ile ya kwanza. Hewa hiyo hupata moto mkali. Kisha nozeli hupuliza dizeli ndani, ikawaka yenyewe na kuisukuma pistoni chini. Nguvu ya injini basi yategemea ni dizeli kiasi gani inayoungua vizuri, na dizeli haiwezi kuungua vizuri bila hewa ya kutosha. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa, au iliyomwagwa vibaya na nozeli iliyochoka. Ni pesa za Mjomba zinazopaa angani.

Tabo ni feni mbili ndogo zilizoshikana kwa mhimili mmoja. Ya kwanza yazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, moshi ambao ungepotea bure. Ya pili yasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, dizeli nayo yaweza kuongezwa. Tena milimani faida yake ni kubwa zaidi. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko hapa Mtopanga. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Kwa hivyo fundi kijana hakuwa mwongo.

Lakini sisi wa kidato cha tatu tumesoma sheria za gesi. Gesi ikigandamizwa haraka hupata joto, na gesi yenye joto hutanuka ikataka nafasi. Ndiyo maana magari mengi ya tabo huwekwa rejeta nyingine ya kuipoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Joto lililozidi ndani ya injini ni lazima lipate pa kutokea. Na hedi za injini za jamii ya 2L zajulikana na kila fundi: zikichemka hupasuka. Hata kiwanda chenyewe kilipotoa injini ya 2L-T, yenye tabo, kilipunguza mgandamizo wake. Hakikubandika tabo juu ya 2L ya kawaida na kumwambia mteja kwaheri. Sasa sisi tulitaka kubandika, juu ya injini ambayo tayari mshale wake wa joto wasemeshwa kama mtu.

Nilimwuliza yule mzee wa gereji nguvu za injini huenda wapi zikishatoka. Akanishika mkono akanionyesha chini ya gari, kitu kimoja baada ya kimoja. Kutoka injini ni klachi, kisha giaboksi, kisha propela, kisha difu, kisha ekseli, kisha tairi. "Ukiongeza huku mbele," akanambia, "wote hawa huambiwa wabebe. Asiyeweza atavunjika." Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Nikayaandika maneno hayo katika daftari na kuyapigia mstari.

Ile njia ya injini nyingine nayo tuliipima. Ile 3L na 5L ni ndugu za 2L, kwa hivyo kuingia si kazi kubwa sana. Hiyo 1KZ-TE ina pampu ya dizeli inayoongozwa na umeme, kwa hivyo huja na nyaya zake na kompyuta yake, na mahali pa kuikalisha ni lazima pachomelewe upya. Zaidi ya hayo, namba ya injini iko ndani ya logibuku. Ukibadilisha injini huna budi kwenda NTSA kubadilisha maandishi, la sivyo siku ya ajali au ya kuuza gari utajuta kuzaliwa. Hesabu ya yote ilipita akiba ya Mjomba. Tukabaki na tabo.

Hapo nikaomba jambo moja. Likizo ya Aprili ilikuwa imekaribia. Nikamwambia Mjomba, "Nipeleke Wundanyi nikaandike saa zinapotea wapi. Ukirudi utanunua hiyo tabo." Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu Mjomba akamwambia, "Mwache aende akaone kwao," naye akanyamaza, maana maneno hayo hayana jibu.

Tuliondoka saa nne asubuhi, watatu: Mjomba, utingo wake na mimi katikati nikiwa na daftari na saa ya kuazima. Tulivuka daraja la Nyali, tukapita kisiwani, Changamwe, Mazeras, Mariakani, mpaka Voi, kama kilomita 150 hivi. Kutoka Voi tukashika njia ya Mwatate, na kutoka Mwatate barabara ikaanza kupanda na kujipinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Upande mmoja ni jiwe, upande wa pili ni bonde, na chini kabisa waona mapaa ya mabati kama sarafu. Katikati ya mlima injini ikachemka. Tukasimama dakika 40, utingo akiomba maji kwenye nyumba za watu.

Wundanyi tulipokelewa vizuri na nyanya, lakini kabeji hazikuwa tayari. Mkulima alikuwa bado yuko shambani akizikata, tukangoja saa moja na dakika kumi. Usiku ulikuwa umeshaingia tulipoanza kushuka, nyuma tumepakia tani nzima.

Sehemu hii nataka uisome polepole.

Tulikuwa tumeshashuka kona kadhaa niliposikia harufu kama ya nguo inayoungua kwa pasi. Mbele yetu kulikuwa na kona ya kulia. Mjomba akakanyaga breki, kisha akaikanyaga tena. Mara ya pili aliikanyaga mpaka goti lake likanyooka. Utingo, aliyekuwa akiimba tangu Wundanyi, aliacha kuimba.

"Mjomba, kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Shika hapo."

Akavuta gia, akarudisha ya pili. Injini ikalia kilio kikubwa, kichwa changu kikaenda mbele, gari likapungua mwendo, kona ikapita. Mbele kidogo palikuwa na mahali pa kusimama. Tuliposhuka, magurudumu ya mbele yalikuwa yakifuka moshi. Hatukusema neno. Tulikaa juu ya jiwe dakika 30 breki zikipoa, na chini yetu taa za Mwatate zikiwaka kama kawaida, kama kwamba hakuna lililotaka kutokea. Kisha tukashuka kwa gia ya pili mpaka chini.

Kati ya Mazeras na Changamwe tukakuta malori yamefungana, tukapoteza dakika nyingine 55. Kongowea tuliingia jua linachomoza. Nyanya zetu zikauzwa kwa bei ya kuomba.

Nyumbani nilikaa mezani na kalamu. Nilianza na wakati. Kungoja kabeji dakika 70, injini kuchemka dakika 40, breki kupoa dakika 30, malori dakika 55. Jumla ni dakika 195, yaani saa tatu na robo. Kisha nikauliza: tabo ingetuokolea ngapi? Tuseme kutoka Voi hadi Mombasa tunakwenda kilomita 80 kwa saa, na tabo itufanye tukimbie 90 njia nzima, bila lori wala tuta. Kilomita 150 kwa mwendo wa 80 ni saa moja na dakika 52 na nusu. Kwa mwendo wa 90 ni saa moja na dakika 40. Faida ni dakika 12 na nusu. Tuongeze na nyingine chache za kupandia mlima. Yaani Mjomba alikuwa tayari kulipa shilingi 85,000 anunue robo saa, na hali saa tatu zinamwagika mahali ambapo tabo haifiki.

Kisha nikaona jambo jingine, ambalo lilikuwa wazi siku zote kama pua usoni, na hakuna aliyelisema. Pikapu yetu hupanda Taita tupu. Mzigo haupandi mlima. Mzigo hushuka.

Wenzangu wa darasa la fizikia mtanielewa. Kitu kilicho juu kina nishati ya kuwa juu: uzito wa maada mara mvutano wa dunia mara kimo. Pikapu tupu ni kama kilo 1,300, mzigo kilo 1,000, sisi watatu kilo 200. Jumla kilo 2,500. Kwa kila mita 100 tunazoshuka, ni 2,500 mara 10 mara 100, sawa na juli 2,500,000. Nishati haipotei, Mwalimu ametuambia hivyo mpaka tumechoka. Ikiwa gari halizidi mwendo, sehemu kubwa ya nishati ile hugeuka joto, na mwenye kuzuia kwa breki peke yake hulitia joto hilo lote ndani ya breki.

Joto hilo ni kiasi gani? Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kwahitaji juli 315,000. Kwa hivyo kila mita 100 za mteremko zingechemsha karibu lita 8. Barabara ikishuka mita 500, ni lita 40, yaani mitungi miwili ya lita 20, ile ile ambayo sisi wa Mtopanga twaijua vyema kwa kuibeba siku maji ya mfereji yakikatika. Hebu fikiri: mitungi miwili ya maji yachemka ndani ya vyuma vinne vya breki, gizani, kwenye kona.

Na iko sababu kwa nini breki ililegea mguuni. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa polepole, na hapa kwetu pwani unyevu hauna likizo. Mafuta yenye maji huchemka upesi. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hugandamizika kama puto. Wakanyaga, na nguvu ya mguu wako haifiki gurudumuni. Ndiyo maana inafaa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Ya Mjomba hakuna aliyekumbuka yalibadilishwa lini. Na gia ndogo ilituokoa kwa sababu injini yenyewe hulizuia gari, joto likaenda kwenye rejeta na angani badala ya kwenda kwenye breki.

Nikampelekea Mjomba daftari. Aliliangalia muda mrefu, akalirudisha.

"Hesabu za kitabu hizi, mwanangu. Mimi mlima ule naupanda huu mwaka wa ishirini."

"Kuupanda sina neno, Mjomba. Mimi nimeandika habari za kuushuka."

Hakunijibu. Alichukua kofia akaenda gereji, nami nikamfuata. Yule fundi kijana akacheka. Lakini mzee wa gereji alichukua jeki, akatoa gurudumu la mbele, akatuita. Pedi zilikuwa zimebaki unene wa shilingi. Diski ilikuwa ya samawati kwa moto. Akafungua chupa ya mafuta ya breki akatuonyesha: meusi kama kahawa ya mzee wa barazani.

Ndipo mzee yule akatukumbusha Safari Rally, ambayo zamani ilipita hadi huko Taita. Mwaka wa 1979 Shekhar Mehta wa Kenya alishinda kwa Datsun 160J, gari dogo la injini ya lita mbili hivi, na nyuma yake akaja Hannu Mikkola na Mercedes ya lita tano. Mehta akashinda tena 1980, 1981 na 1982, juu ya ule ushindi wake wa 1973. "Nguvu zilikuwako kwa wengine," akasema mzee. "Lakini mashindano yale mshindi ni anayefika."

Jioni ile Mjomba alikuja kwetu. Mama alikuwa hajaambiwa habari za kona ile. Utingo ndiye aliyemwambia sokoni. Aliweka chai mezani, akasema maneno machache tu. "Kaka, mimi sikuomba gari ya mbio. Nyanya zikichelewa tutauza zilizochelewa. Wewe ukichelewa mimi ntamwuliza nani?"

Baada ya hapo mpango ukaandikwa upya, kwa mkono wangu, Mjomba akisoma na mzee wa gereji akitaja bei. Breki zikawa za kwanza: pedi, diski kuchongwa, viatu vya breki vya nyuma, mafuta mapya na mipira yake, shilingi 22,000. Pili, rejeta kufunguliwa na kusafishwa, pamoja na mpira wa maji na feni, shilingi 14,000. Tatu, tairi nne za kubebea mzigo, shilingi 44,000. Nne, nozeli na pampu ya dizeli kupimwa na kurekebishwa, valvu kupangwa, na chujio jipya la hewa, shilingi 30,000. Jumla 110,000. Zikabaki shilingi 10,000, Mama akazirudisha kwenye chama kabla hazijasikia habari ya tabo.

Na dawa ya zile dakika 70 za kabeji haikutugharimu ila simu. Siku hizi Mjomba humpigia mkulima jana yake, na kabeji hukatwa kabla hatujatoka Mtopanga.

Matokeo? Nilikwenda nao tena likizo ya Agosti. Moshi mweusi umepungua mpaka wauona tu anapobadilisha gia. Mlima tuliupanda bila kusimama, mshale wa joto ukikaa katikati kama mtoto mtiifu. Mjomba mwenyewe alishangaa. "Mbona yavuta hivi? Kwani mmetia nini?" Hatukutia kitu. Tulizirudisha zile nguvu za farasi ambazo injini ilizaliwa nazo, zilizokuwa zimepotea kwenye nozeli chafu na chujio lililoziba. Tulishuka usiku kwa gia ya pili, breki zikiguswa tu kwenye kona, na utingo aliimba kutoka Wundanyi hadi Mwatate bila kukata. Kongowea tuliingia saa tisa u nusu usiku. Mabasi yote yalitupita njiani, na nyanya tuliziuza kwa bei nzuri.

Nawaandikia haya wenzangu kwa sababu najua mazungumzo yetu ya kwenye steji. Wako ndugu zetu wanaokata ekzosi ili gari linguruma, wakadhani limezidi nguvu. Wako wa bodaboda wanaobadilisha sproketi ili pikipiki ikimbie, na breki ya nyuma ni mguu wa kandambili. Sisemi nguvu ni mbaya. Kama Mjomba angebeba mawe kupanda mlima, pengine tabo ingekuwa ya kwanza katika orodha yetu. Nasema tu kwamba kabla ya kununua nguvu, chukua kalamu ujiulize: gari hili hubeba mzigo likielekea wapi? Wakati wangu wapotelea wapi hasa? Na nikiongeza nguvu hapa, ni kitu gani kitakachoambiwa kibebe? Maswali hayo matatu hayahitaji fundi. Yahitaji daftari la shilingi chache na saa ya kuazima.

Tabo nayo haijafa. Mjomba ameanza akiba nyingine, na safari hii anataka 1KZ-TE nzima, na tabo yake, na breki zake zinazolingana. Ameniomba nimfanyie hesabu. Nimemwambia nitaanza mapema, ila kwanza anichukulie logibuku tukaisome.